Nafanya mazoezi ya kinanda kila siku, mbona vidole bado vizito?

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Napiga kinanda kwaya ya parokia, nilijifunzia palepale kwa kuchungulia waliotangulia. Huu mwaka wa pili, kila siku nikitoka kazini nakaa saa nzima. Nyimbo za taratibu sina shida. Ukija wa haraka, kidole cha pete na cha mwisho vinagongana, mkono wa kushoto unaburuta. Juzi juzi maumivu yameanza, yanapanda hadi karibu na kiwiko. Kinanda ni cha vibonye 61, nakiweka juu ya meza ya chakula. Nisaidieni.

Jibu 1:
Kaza mkuu, vidole vitakomaa tu. Sote tulipitia huko.

Jibu 2:
Hapana, hapo unampoteza mwenzio. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano, akatumia kifaa cha mazoezi ya vidole. Mkono wa kulia ukamharibikia akiwa bado kijana, akabaki kutunga. Ukisikia maumivu, acha siku hiyo. Yakiendelea, muone daktari.

Mchawi wa kwanza ni hiyo meza. Ikiwa juu, mabega yanapanda na kifundo cha mkono kinakunjika. Kalia mito hadi kiwiko kilingane na vibonye. Halafu saa moja mfululizo ya nini? Gawa: dakika 20 asubuhi, 20 jioni.

Jibu 3:
Swali la kizushi: transpozi, ile ya kinanda kupandisha au kushusha sauti chenyewe, unaitumia?

Mleta uzi:
Kila siku. Mimi napiga C tu, vibonye vyeupe vitupu. Mwalimu akisema doh (sauti ya kuanzia) ni F, naongeza +5, maisha yanaendelea 😂

Jibu 3:
Nilijua! Sikucheki, nami nilikuwa hivyohivyo. C ni rahisi kusoma kwa solfa, ila kwa mkono ndiyo ngumu, maana vibonye vyote viko usawa mmoja na vidole vyetu havilingani urefu. Chopin, yule mtunzi na mpiga piano, alipokuwa akifundisha Paris aliwaanzishia wanafunzi skeli (ngazi ya sauti) ya B, yenye vibonye vyeusi vitano. Vidole virefu vinakaa kwenye vyeusi, gumba linabaki kwenye vyeupe, na nafasi ya kulipitisha chini inapatikana bila kupindisha kiwiko.

Jaribu mkono wa kulia, gumba likiwa 1: B 1, C# 2, D# 3, E 1, F# 2, G# 3, A# 4, kisha B gumba tena. Washa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye 60 kwa dakika, kibonye kimoja kwa pigo moja. Kila kidole kikishabonyeza, kilegee palepale; kibonye hakihitaji kukandamizwa kama chapati. Kidole cha pete usikinyanyue kwa nguvu, kano zake (kamba zinazovuta kidole) zimefungamana na za jirani zake.

Jibu 4:
Na wimbo usiupige wote. Chukua maneno matatu yanayokukwaza, mkono wa kushoto peke yake huku unaimba besi. Ukikosea, punguza mwendo.

Mleta uzi:
Nimerudi baada ya wiki mbili. Mito imefanya kazi, mkono hauumi. Skeli ya B kulia inaenda vizuri kwenye 72. Kushoto bado aibu, gumba linachelewa.

Jibu 3:
Kushoto anza na kidole cha 4, si cha 5. Rudi 50. Na transpozi Jumapili hii?

Mleta uzi:
Jumapili hii bado mkuu, kuna ubatizo.