Spider-Man na Batman: nani kazungukwa na watu (na maadui) wa maana zaidi?

Kurasa_za_Kale
Wakuu, nimemaliza kurudia yale matoleo 38 ya mwanzo ya vitabu vya katuni vya Spider-Man aliyoyachora Steve Ditko, na swali moja halinitoki kichwani. Hawa wawili wakilinganishwa, mjadala huishia kwenye nani angempiga nani. Hilo silitaki hapa. Nataka tuwapime watu wanaowazunguka: ndugu, marafiki, mabosi, na wale maadui wasiokauka jela.

Kipimo changu: mvue stelingi barakoa, nguo zake zifungie kabatini. Hadithi inabaki? Kwa Spider-Man inabaki, tena tamu. Peter Parker, ndiye Spider-Man bila barakoa, ana Shangazi May asiyeisha kuugua. Ana bosi, J. Jonah Jameson, anayenunua picha zake kwa bei ya kutupa huku gazeti lake likimwita Spider-Man tishio kwa jamii. Shuleni kuna Flash Thompson, anayemdhihaki Peter asubuhi na jioni anamshangilia Spider-Man kwa sauti kuliko wote. Kwa Batman, ukitoa barakoa unabaki na tajiri na mtumishi wake wanatazamana kwenye jumba kubwa.

Kwenye maadui ndipo ninaposita. Joker na Catwoman walitoka toleo moja, Batman namba 1, mwaka 1940, na mpaka leo hawajachuja. Karibuni.

Popo_Mchana
Mkuu, umeanza na dharau. Huyo "mtumishi" anaitwa Alfred. Alipoingia mwaka 1943 alikuwa kichekesho kweli, mnene, anajifanya mpelelezi. Wakamnoa hadi akawa mtu aliyemlea Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, baada ya wazazi kuuawa. Walimuua 1964, wakamrudisha 1966, na mwaka 2019 adui Bane akamvunja shingo mbele ya Damian, mtoto wa Bruce. Nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Na Gordon, kamishna wa polisi, je? Fungua Detective Comics namba 27 ya 1939, mwanzo kabisa: Gordon amekaa na Bruce Wayne wanapiga soga, Batman mwenyewe hatujamwona bado. Kwa hiyo hata kipimo chako hicho kinamfaa Batman tangu siku ya kwanza.

Maadui ndiyo usiniguse. Two-Face ni maisha mawili ya Bruce yaliyopasuka hadharani. Scarecrow anatumia hofu, silaha ileile ya Batman. Riddler ni akili ya kipelelezi iliyogeuka ugonjwa. Ukiwasoma wote, umemsoma Batman.

Pweza8
Popo, hapo ndipo unapojifunga goli. Maadui wako wote wanamtazama Batman, bila yeye hawana shughuli mjini. Wa kwetu wana shida zao hata Spider-Man asipotokea. Vulture ni mzee aliyedhulumiwa na mshirika wake wa biashara. Lizard ni Curt Connors, daktari aliyepoteza mkono, akajidunga dawa aliyoitoa kwenye mijusi ili uote tena. Ana mke, ana mtoto, na Peter anamheshimu. Utampigaje mtu wa namna hiyo bila kuwaza nyumbani kwake?

Doctor Octopus ndiye mfano wangu mkuu (jina langu linanisaliti, najua). Alikuja katika namba 3, mwaka 1963, na pambano la kwanza alimshinda Spider-Man vibaya. Mwaka 1974, namba 131, alibaki kidogo tu amuoe Shangazi May, kwa sababu bibi alikuwa amerithi kisiwa chenye kinu cha nyuklia. Kichekesho, sawa, lakini adui gani wa Batman aliwahi kukaribia kuwa baba mlezi wake? Kisha kufikia namba 700, mwaka 2012, Otto, ndiye huyo Octopus, akauteka mwili wa Peter mzima na kuishi humo kama Spider-Man.

Joker hata historia yake haieleweki. Wengine wanaita fumbo, mimi naita uvivu.

mchoraji_butu
Kwa sura tu, Batman anaongoza. Joker unamtambua kwa tabasamu, Penguin kwa mwavuli. Electro ana nyota ya njano usoni kama zawadi ya sikukuu. Ila Mysterio na lile duara badala ya kichwa, hapo Ditko alitisha.

Binti_Wino
Mmezunguka mbuyu, hakuna aliyemtaja Green Goblin. Bila barakoa ni Norman Osborn, baba wa Harry, na Harry ni rafiki wa Peter anayeishi naye nyumba moja. Adui mkubwa kuliko wote ni mzee wa rafiki yako! Ndiyo maana namba 121 ya mwaka 1973 inauma. Goblin anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka darajani, Peter anamdaka kwa utando, na karibu na shingo yake kuna neno dogo la mlio wa kuvunjika. Aliyemdaka ndiye huenda alimvunja.

Halafu toleo linalofuata, kurasa za mwisho: Mary Jane, msichana wa disko asiyejali kitu, anakuja kumwona Peter. Peter anamfukuza kwa maneno makali. MJ anafika mlangoni, anaufunga, anabaki ndani. Mhusika aliyekua kwa mlango mmoja tu.

Lakini niwe mkweli kwa Popo. Gwen alikufa, ikaishia hapo. Barbara, binti wa Gordon, Joker alimpiga risasi mwaka 1988, na kutoka kwenye kiti cha magurudumu akawa Oracle, mtu ambaye mashujaa wote wanamtegemea kwa habari. Kwa wanawake, hapo Batman kashinda.

Popo_Mchana
Asante Binti. Mwaka huohuo wasomaji walipiga kura kwa simu Jason Todd, Robin wa wakati huo, yaani kijana msaidizi wa Batman, afe au apone. Kura 5,343 dhidi ya 5,271. Robin aliuawa na watu 72!

Kurasa_za_Kale
Kura, Popo, si watu. Wapo waliopiga zaidi ya mara moja.

Mimi bado nipo kwa Jameson. Katika namba 1 Spider-Man anamwokoa mwanawe, mwanaanga John, na mzee bado anamponda gazetini. Namba 10 anajikiri peke yake ofisini: ni wivu, anamchukia kwa sababu Spider-Man ni mtu ambaye yeye hawezi kuwa. Namba 20 anatoa pesa Mac Gargan abadilishwe kuwa Scorpion. Bosi, mchekeshaji na mzazi wa jambazi, kwa kichwa kimoja chenye masharubu ya mswaki. Nitajieni wa kufanana naye kule Gotham, mji wa Batman.

Popo_Mchana
Hayupo. Nimekubali hilo moja, mengine sijakubali.

mchoraji_butu
Na Kingpin, yule bosi wa wahalifu, mnamhesabu wapi? Alianzia kwa Spider-Man, namba 50, mwaka 1967, lakini siku hizi kila mtu anamjua kama adui wa shujaa mwingine, Daredevil.

Pweza8
Tulimwazima tu. Hawajamrudisha.