Rejeta ya MX-5 ya zamani: mpya ya plastiki, aluminiamu tupu, au niitengeneze hii hii?

taa_za_kuinuka
Wakuu habari za wikendi. Nna MX-5 ya 1992, kale kagari ka Mazda, ile ya kwanza kabisa yenye taa za kuinuka, injini ya 1.6, manyuo. Kazi zake zote nafanya mwenyewe, oili, breki, plagi, na mwaka jana nilibadili taiming belti pamoja na wota pampu maana ukishafungua mpaka pale kuacha pampu ya zamani ni kujitafutia kazi mara mbili. Sasa juzi nafungua boneti nakuta tanki la juu la rejeta, ile plastiki iliyokuwa nyeusi, imegeuka kahawia yenye ukijani kama jani linalokauka, na pale inapobanwa na bati kuna ukoko mweupe wa kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) iliyokauka. Maji hayapungui kwa kasi, naongeza kidogo kila baada ya wiki mbili hivi. Geji inakaa katikati muda wote ila kwenye mlima mrefu mara moja ilipanda kidogo ikarudi.

Naona njia tatu. Kununua mpya kama ya kiwandani, yenye kati (ile mirija ya kupozea) ya aluminiamu na matanki ya plastiki. Kununua ile ya aluminiamu tupu, nene, iliyochomelewa, ambayo watu wengi wa mbio wanaifunga. Au kuitoa hii, kuisafisha ndani na kubadili tanki la juu au kuziba pale panapovuja. Gari ni ya kutembelea, sishindani, lakini naipenda na sitaki kuua injini. Mngekuwa nyie mngefanya nini?

BintiSpana
Kwanza kabisa usiendeshe safari ndefu mpaka utakapobadili. Hiyo rangi ya kahawia ndiyo dalili yenyewe. Tanki ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na baada ya miaka mingi ya kuchemka na kupoa inakauka inakuwa kama biskuti, ukiikandamiza kwa kidole unaweza usione kitu lakini siku mgandamizo umepanda inapasuka mstari mzima kuanzia kwenye shingo ya hosi.

Yangu ilipasuka barabarani. Nilichojifunza siku ile ni kwamba geji haikupanda, ILISHUKA. Maji yakiisha sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, haiguswi tena na maji, kwa hiyo inakuambia uongo, na mimi nikaona sindano iko chini nikaendelea kama dakika mbili nikidhani ni sawa. Hedi, yaani kichwa cha injini, ilipinda, ikabidi ishushwe ikasawazishwe na gasketi mpya. Kazi ya mchana mmoja nikaibadilisha kuwa kazi ya wiki tatu. Ukiona moshi mweupe mbele au unasikia harufu tamu ya kulanti ndani ya gari, zima injini hapo hapo ulipo, usitafute mahali pazuri pa kusimama mbali.

Njia yako ya tatu ifute. Rejeta ya namna hii bati limekunjwa kwa meno kubana plastiki juu ya mpira, ukiyafungua yale meno na kuyakunja tena yanachoka, na hata ukifanikiwa tanki la chini lina umri uleule.

Kona_Kali
Mi nitasema aluminiamu tupu na nitaeleza kwa nini, maana watu huwa wanasema ni urembo tu. Injini ya gari yetu asili yake ilitengenezwa kukaa ubavu kwenye gari za kuvuta mbele. Walipoigeuza ikae urefu kwenye MX-5, njia ya maji kutokea kwenda rejeta ikahamishwa ikawa mbele, upande uleule ilipo pampu. Kwa hiyo maji yanaingia mbele na mengi yanatokea mbele, silinda ya 4 kule nyuma inapata mabaki, kinachoisaidia ni ile hosi ya hita inayotokea nyuma ya hedi. Ukiwa unaendesha taratibu huoni tofauti, ila ukikaza mizunguko ya juu nusu saa nzima joto la nyuma linapanda na geji haikuambii chochote kwa sababu sindano imetengenezwa ikae katikati kwa nyuzi nyingi tu. Rejeta nene inakupa akiba. Nimefunga yangu miaka sita iliyopita na haijavuja tone, na hamna plastiki ya kupasuka.

Nyuzi_Tisini
Mkuu Kona_Kali maelezo ya silinda ya 4 ni ya kweli kabisa, lakini angalia, rejeta nene haitatui hilo. Inapoza maji yaliyofika kwake, haiongezi maji yanayofika nyuma ya hedi. Wanaotaka kutatua hilo wanahamisha thamostati (ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto) kule nyuma kwa hosi nyingine, na hiyo ni kazi ya mtu wa mbio, siyo ya mwenzetu anayetembea.

Halafu unene una gharama yake. Hewa ikipita kwenye safu ya kwanza inapata joto, ikifika safu ya nyuma tayari ni ya moto, na kupenya kwenye unene ule inahitaji kusukumwa zaidi. Ukiwa kasi hewa inasukumwa na mwendo. Ukiwa kwenye foleni ni feni peke yake, na feni za zamani za gari hizi zinachoka. Nimeona mtu kafunga rejeta nene sana, kwenye barabara kuu inapoa vizuri mno, kwenye foleni inachemka kuliko alivyokuwa na ile ya kiwandani.

@taa_za_kuinuka kabla hujanunua chochote jibu haya. Inapanda ukiwa foleni au ukiwa mwendoni? Ikipanda foleni na kushuka ukitembea, tatizo ni feni au hewa. Ikipanda ukiwa mwendoni au mlimani na foleni inatulia, tatizo ni maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba ndani, thamostati haifunguki yote, au hosi ya chini imelegea ndani inanyonywa na pampu inajibana. Wewe umesema mlima. Kwa hiyo mimi singenyooshea kidole plastiki tu.

Feni ni rahisi kupima. Kuna kale kaboksi ka vipimo upande wa injini, kameandikwa herufi ndani ya kifuniko, unganisha TFA na GND kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, feni lazima izunguke. Isipozunguka usihangaike na rejeta kwanza.

fundi_wa_jioni
Kuna ile dawa ya kumwaga ndani inaziba matundu yenyewe, mbona hamuitaji? Mimi niliweka kwenye gari nyingine ikanifikisha nyumbani.

BintiSpana
Kukufikisha nyumbani sawa, siku moja, ukiwa huna njia nyingine. Lakini hiyo dawa haijui tundu ni lipi na mfereji wa hita ni upi. Inaganda popote panapopita hewa kidogo au maji taratibu, na kwenye MX-5 rejeta ndogo ya hita iko nyuma ya dashibodi, kuitoa ni kubomoa nusu ya gari. Tena kwa huyu ni tanki linalokufa, siyo tundu.

MzeeKabureta
Vijana nimesoma yote. Niongeze kitu maana kila mtu anasema "kutengeneza ya zamani" kama ni kosa siku zote. Mimi nna MGB, gari zilizotengenezwa kuanzia 1962 mpaka 1980, rejeta yake ni shaba na matanki ya shaba nyeupe, imeungwa kwa risasi. Rejeta ya namna hiyo unaitengeneza. Unalifungua tanki kwa moto, unapitisha fimbo kwenye mirija, ikishindikana unatia kati mpya na matanki yako ya asili yanarudi na kibati chake. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko aluminiamu, karibu mara 1.7. Kilichofanya viwanda vihamie aluminiamu ni wepesi na kwamba mirija yake inaweza kufanywa mipana zaidi bila kuvimba, siyo kwamba shaba ilishindwa.

Kwa hiyo anayesoma hapa na ana gari ya miaka ya sitini au sabini asitupe rejeta yake kwa sababu tu mwenye MX-5 kaambiwa atupe. Lakini kwa plastiki na aluminiamu nakubaliana na binti, ile imezaliwa ya kubadilishwa.

Na kijana, tafadhali, kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto hata kama una kitambaa kinene namna gani. Kwa mgandamizo wa baa 1 juu ya hewa ya kawaida maji hayachemki mpaka nyuzi 120. Ukifungua, mgandamizo unatoka ghafla na yote yanachemka mara moja kwenye mkono na uso wako. Nimeshuhudia.

taa_za_kuinuka
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeshinda nayo leo. Feni nimeipima kwa waya kama mkuu Nyuzi_Tisini alivyosema, zinazunguka vizuri. Nikamwaga maji, yametoka na rangi ya kutu, nadhani aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anaweka maji matupu ya bomba. Nikatoa thamostati nikaitia kwenye sufuria ya zamani na kipimajoto (sufuria hiyo hairudi jikoni tena, kulanti ni sumu). Ikaanza kufunguka nyuzi 80 na kitu kama inavyotakiwa, ila iliishia nusu. Maji yanatokota kabisa, yenyewe iko nusu. Nikaweka mpya pembeni yake kwenye maji yaleyale ikafunguka zaidi ya mara mbili yake. Nafikiri mlima wangu uko pale.

Kitu kingine nimegundua, lile bamba la plastiki la chini ya injini halipo. Nimeinunua gari bila hilo bamba na sikujua kama linatakiwa.

Nyuzi_Tisini
Linatakiwa sana! Wengi wanadhani ni la kuzuia matope. Hewa inayoingia mdomoni pale mbele ikikosa lile bamba inakwepa rejeta na kutokea chini, hewa haina sababu ya kupita kwenye mirija migumu wakati chini kuko wazi. Tafuta bamba, au kata la aluminiamu nyembamba ufunge kwa bolti zilezile. Na kando za rejeta, pale palipo na uwazi kati yake na bodi, jaza sponji nene. Hicho kitu ni rahisi kuliko vyote tulivyovitaja hapa na kwenye gari yangu ndicho kilichonipa tofauti niliyoiona kwa macho.

Kona_Kali
Kwa hali hiyo nabadili ushauri wangu kwake. Chukua ya plastiki mpya, ila nzuri, siyo ya bei ya chini kabisa ambayo masikio yake hayakai kwenye mpira wa chini. Badili na kifuniko, thamostati, hosi ya juu na ya chini kwa pamoja. Aluminiamu tupu nabaki nayo kwa anayekwenda kwenye mzunguko wa mbio au aliyeweka tabo, na akinunua asichukue nene kuliko zote, achukue ya katikati, na achungulie michomeleo kwenye kona kwa sababu za ovyo zinavuja pale pale. Plastiki ina faida moja siwezi kuikataa, ikichoka inabadilika rangi, inakuonya. Aluminiamu haionyi.

dereva_wa_D
Samahani kuingilia, yangu ni otomatiki. Naweza kuchukua rejeta yoyote ya MX-5 ya miaka hiyo?

Nyuzi_Tisini
Hapana mkuu. Ya otomatiki ina mifereji ya kupozea oili ya gia boksi ndani ya tanki la chini, ina vichwa viwili vya kuunganisha mabomba. Ukifunga ya manyuo huna pa kuyapeleka, labda uweke kipoozeo cha pembeni. Na kama yako ya zamani imewahi kuvuja ndani, angalia oili ya gia isiwe na rangi ya maziwa, maana hapo maji yameshaingia kwenye gia boksi.

taa_za_kuinuka
Nimemaliza. Nimechukua mpya ya plastiki, masikio yamekaa bila kulazimisha. Kuitoa ya zamani ni bolti mbili za juu, hosi, soketi za feni, halafu inainuka pamoja na feni zake, feni unahamishia kwenye mpya mezani. Kabla ya kujaza nimefulashi injini na maji safi mpaka yakatoka meupe, nikajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kama ya betri. Mfumo wote ni lita 6, ila nimeingiza chini kidogo ya hapo kwanza, mengine yaliingia wakati wa kutoa hewa. Nimepandisha pua ya gari kwenye ngazi za kupandishia gari, hita ikiwa moto kabisa, kifuniko wazi, nikawasha ikiwa baridi na kuiacha iungurume, mapovu yakatoka kama dakika ishirini, hosi ya chini ikapata moto, nikajazia nikafunga.

Nimeupanda mlima uleule jana mchana. Sindano haikusogea.

MzeeKabureta
Vizuri sana kijana. Hosi mpya huwa inajikalisha ikipata moto mara kadhaa. Ikiwa baridi rudia kukaza klipu na uangalie usawa wa maji.

taa_za_kuinuka
Nimeangalia leo asubuhi kabla ya kuiwasha mzee. Maji yameshuka kama nusu glasi, nimeongeza. Klipu ya hosi ya chini imekubali robo mzunguko, ya juu imegoma.