Vitz inakunywa maji, chini pakavu, laki sita zimeyeyuka: dalali uliyeniuzia, uzi huu ni wako

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Muda huu nimekaa juu ya ndoo ya rangi kwenye gereji moja Tabata, silinda hedi (kichwa cha injini) ya gari langu imelala mezani kama kichwa cha mbuzi kinachosubiri supu, na hasira nilizonazo nikizimeza nitaugua.

Mwezi wa tatu nilinunua Vitz New Model, namba D, injini ya piston tatu, milioni 8 na laki 2. Yadi siitaji, wenyewe wanajijua. Dalali akaniapia kwamba injini haijawahi kufunguliwa, gari lilikuwa la mama fulani analiendea kanisani tu. (Hawa akina mama wa kanisani wana magari mangapi jamani? Kila dalali ana la kwake.) Nikafungua boneti, injini inang'aa utadhani bibi harusi. Gari la umri ule, hata vumbi hakuna! Hapo ningeshtuka. Nikafungua rejeta, nikaona maji ya njano. Kulanti (maji ya kupozea injini) ninazozijua ni za kijani, nyekundu au pinki, lakini nikajisemea labda ya njano nayo ipo. Nikalipa.

Wiki ya pili kichupa cha akiba ya maji kikavu. Najaza. Siku tatu, kikavu tena. Nikatandika maboksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi sikuona hata tone. Shikeni hilo: maji yanaisha, chini pakavu.

Sasa njooni kwa mafundi.

Wa kwanza hata hakuinama. "Themostati hiyo, bro. Hivi vitu ni vya nchi za baridi, Dar hazina kazi." Akaing'oa, akala elfu 15. Wakuu, huu wimbo tumeuimba miaka mingi na ni uongo. Themostati inafunga njia ya maji mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kidogo hivi, halafu inaifungua. Ukiitoa, injini inachelewa kuiva, kompyuta inadhani bado kuna baridi na inazidisha mafuta. Ikiwa imeganda imefungwa, kweli gari litachemsha, lakini dawa yake ni kuweka nyingine nzima. Halafu tangu lini themostati ikanywa maji?

Wa pili akasema rejeta imeziba. Rejeta ya mtumba Ilala elfu 120, ufundi 30. Wa tatu akasema feni imechoka, elfu 85. Wa nne akasema pampu ya maji, 95 na ufundi 40. Pampu ya maji ikifa huwa inavujia kwenye kitundu chake cha chini na kuacha alama ya kulanti iliyokauka. Yangu ilikuwa safi kabisa, aliitoa mbele yangu na nikaishika kwa mkono. Nikanyamaza. Ujinga wangu huo nakiri.

Watu wanne, na hakuna aliyepima chochote! Kila mmoja alikuwa anabahatisha kwa hela yangu.

Jumamosi iliyopita nina msiba Morogoro. Nikajaza maji, nikaondoka alfajiri. Mlandizi salama. Kabla ya Chalinze nikaanza kusikia gari zito, injini inagonga kama mtu anatikisa shilingi kwenye kopo. Natazama dashibodi: kimya. Gari hili halina mshale wa joto, lina taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi. Nyekundu haikuwaka. Nikakumbuka ule ushauri wa wazee, washa hita ivute joto kutoka kwenye injini. Nikawasha mpaka mwisho, jua lile, ikapuliza hewa ya baridi. Nikashukuru Mungu, nikasema injini imepoa.

Mjinga mimi. Hita inapata joto lake kwenye maji ya injini. Ikipuliza baridi wakati injini ina moto, maana yake maji hayafiki, yamekwisha. Na ile taa haikuwaka kwa sababu sensa inapima maji, na pale ilikuwa inaning'inia kwenye hewa. Nikaendesha kilomita nyingine nne au tano hivyo hivyo, nimeridhika kabisa, hadi gari likazima lenyewe.

Nikakimbilia mfuniko wa rejeta. Mama mmoja muuza machungwa akanipigia kelele: "We baba, utaungua uso! Acha lipoe!" Mungu ambariki, alikuwa na akili kuliko mafundi wote wanne. Breakdown hadi Dar, laki 2 na nusu. Msiba sikufika.

Huyu fundi wa Tabata ni kijana tu. Sikuamini. Gari likajazwa maji, likawashwa kidogo, likazimwa, likalala kwake. Asubuhi akaniita kabla hajaligusa: "Kaka, binya huu mpira wa juu wa rejeta." Nikabinya. Mgumu kama jiwe, na injini ni baridi, imelala usiku mzima. Akaniambia gari lisilo na ubovu likipoa mpira unalegea, huu umejazwa na moshi wa ndani ya silinda.

Akatoa chombo kama pampu ya baiskeli, akakifunga kwenye mdomo wa rejeta, akapampu presha hadi 1.1, namba ile ile iliyoandikwa juu ya mfuniko. Mshale ukaanza kushuka taratibu, nje hakuna jasho popote. Akatoa plagi: mbili kavu, ya tatu ina unyevunyevu. Kisha kikopo chenye maji ya bluu juu ya rejeta, injini inaunguruma. Ile bluu ikageuka njano mbele ya macho yangu. Moshi wa injini unaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi, ile inayoziba katikati ya hedi na injini, imekufa.

Zoezi zima halikufika saa moja. Elfu 20.

Hedi ilipotoka ndipo nikaona kazi ya dalali. Pembeni kuna silikoni nyekundu imepakwa kwa kidole, hata alama ya kidole ipo. Injini "haijawahi kufunguliwa", eeh? Na ndani ya njia za maji kuna tope la njano. Kijana akalichukua kwenye ncha ya bisibisi, akanusa, akanipa ninuse. Manjano, wakuu. Bizari ya manjano, ile ya kwenye mchuzi! Mtu kaimwaga kwenye rejeta izibe ufa mpaka mteja atoke getini. Akalaza rula ya chuma juu ya hedi: chini ya rula inatakiwa isipitishe hata kibati cha milimita 0.05, cha 0.15 kimepita kinateleza. Imepinda. Kusugua hedi inyooke, gasketi mpya, themostati irudi mahali pake, mfuniko mpya maana raba ya ule imekatika, kulanti lita 4, na marufuku maji ya kisima cha chumvi. Hesabu hiyo sijaijumlisha bado, naogopa.

Najua watakuja wa "mkuu umeuziwa mbuzi kwenye gunia, vumilia". Sivumilii. Na wa "kwa nini hukwenda na fundi wako" wajue nilikwenda naye. Ni yule wa kwanza, wa themostati. Nimekuja kujua juzi kwamba dalali alimkatia elfu 50.

Wewe dalali, najua unapita humu, ulinionyesha mwenyewe matangazo yako. Namba zangu umeziblock, sawa. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa getini kwenye hiyo yadi, hedi begani, na tope lako nimeliweka kwenye kikopo cha Blue Band. Uje ulinuse mbele ya wateja.