Tajiri anataka timu yetu, mkutano ni Jumamosi. Nishaurini wakuu

Kona Fupi (mleta mada), Jumatano 22:41

Wakuu, habari za usiku. Usingizi sina kwa hiyo mnivumilie.

Niko karibu na uongozi wa timu moja ya Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, mkoa nauhifadhi. Ni timu ya wanachama, ilianzishwa na wazee wa soko la mahindi. Kadi ni elfu tano kwa mwaka na wanaolipa hawafiki mia mbili. Msimu huu tumekaa pazuri, tukikaza tunacheza mtoano wa kupanda Ligi Kuu. Shida ni njaa. Wachezaji kumi na wanane wanalala nyumba ya vyumba vinne, kodi ya miezi mitatu hatujalipa, na mama anayewapikia sasa analeta maharage matupu, anasema unga tujitegemee. Jezi ndiyo msiseme. Namba 8 ilibanduka, tukaichora upya kwa plasta ya hospitali. Mechi ya juzi ikanyesha, plasta ya upande mmoja ikang'oka, dakika ishirini za mwisho tulikuwa na namba 3 wawili uwanjani. Mmoja akapewa kadi ya njano ya mwenzake. Coaster yetu imelala gereji tangu mwezi wa kumi.

Amejitokeza tajiri. Analipa madeni yote (milioni 68), anaweka kocha wa maana, na ametuahidi ndani ya miaka mitatu tunacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Zinatakiwa saini tatu. Ya mwenyekiti ipo, ya katibu ipo, imebaki ya mweka hazina. Mkutano mkuu ni Jumamosi.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mkaa Pembeni, 22:44

Kiti cha mbele, karanga ninazo.

Bint Makorora, 22:52

Saini mkuu, usiku huohuo. Mimi ni wa Tanga, baba yangu ana picha ya Coastal Union ya 1988 ukutani, mwaka tuliochukua ubingwa. Picha imeshapauka, wachezaji hawana sura tena, zimebaki soksi. Anaifuta kila Ijumaa. Mkisubiri uzalendo mtakuwa mnafuta picha.

Fundi wa Magomeni, 22:58

Hiyo Coaster ni ya mwaka gani? Mnauza?

Wakili wa Kijiweni, 23:10

Mheshimiwa mweka hazina, umeandika maneno mengi umeruka tarakimu moja. Anachukua asilimia ngapi? Simba walipoingia kwenye mabadiliko, tajiri wao Mo Dewji alianza kwa kutaka 51 kwa bilioni 20. Ikaishia 49, wanachama wakabaki na 51. Yanga nao wakaja na mtindo huohuo wa 51 kwa 49. Ile namba mbili ya tofauti ndiyo timu yenyewe. Huyo wenu anataka ngapi?

Kona Fupi, 23:19

Asante mkuu. Asilimia zinajadilika, si tatizo kubwa. Tatizo langu ni muda.

Refa Mstaafu, 23:40

Vijana mnadhani pesa inafunga magoli. Nani ana pesa kuliko Azam FC nchi hii? Uwanja wao Chamazi, hosteli zao, mishahara haichelewi. Wamechukua Ligi Kuu mara moja tu, 2013/14, bila kufungwa mechi hata moja. Baada ya hapo tunawaona kwenye nafasi ya pili na ya tatu kama wageni waalikwa. Halafu chukua Yanga. Tajiri wao Manji alipoondoka 2017 walibaki wanatembeza bakuli, kocha Zahera mwenyewe anachangisha, wachezaji wanadai. Msimu wa 2018/19 wakamaliza wa pili! Mchezaji wa Yanga akitoka sare hawezi kwenda kununua vocha dukani kwa amani. Hiyo hofu huwezi kuiagiza kwa kontena.

Niliwahi kuchezesha mechi Songea mwaka ambao siutaji, timu ya nyumbani haikuwa na viatu vya kutosha, mtu akitoka anamvulia anayeingia pale kwenye mstari. Wakashinda. Nikiwakumbuka wale watoto huwa...

Mkaa Pembeni, 23:43

Mzee amelia. Endelea mzee.

Mtoto wa Kamalondo, Alhamisi 00:15

Miye niko Lubumbashi, Kongo. Refa, nusu una haki, nusu hapana. TP Mazembe yetu bila tajiri Moïse Katumbi ingebaki hadithi ya makombe ya Afrika ya 1967 na 1968. Yeye amejenga uwanja hapa Kamalondo, ameleta kombe la klabu bingwa Afrika 2009, 2010, tena 2015 pamoja na Samatta wenu. 2010 tukafika fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, tumefungwa na Inter ya Italia tatu, lakini hakuna timu ya Afrika ilikuwa imefika pale mbele yetu. Kipa wetu Kidiaba anaruka na makalio dunia nzima inacheka, sisi tunalia kwa furaha.

Lakini sikia hii. 2016 Katumbi anatoka inchi kwa mambo ya siasa, anarudi 2019. Mwenye timu hayupo. Mazembe inabeba Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Ndiyo nasema, tajiri mzuri ni yule akisafiri nyumba haianguki. Wenu akisafiri?

Kona Fupi, 00:31

Umenigusa mkuu wa Lubumbashi. Huyu jamaa ana maono hayohayo kabisa. Amenionyesha mpaka michoro ya uwanja.

Wakili wa Kijiweni, 00:33

Uwanja unajengwa wapi?

Mpemba wa Bolton, 01:20

Assalam alaykum. Mie nakaa Bolton, Uingereza, kazi yangu ghalani zamu ya usiku, ndo maana niko macho. Jirani zetu hapa palikuwa na timu inaitwa Bury, ya tangu 1885, Kombe la FA wamelichukua mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 ikauzwa kwa pauni moja. Pauni moja wallahi, hata chipsi hupati. Na msimu huohuo wakapanda daraja! Watu wakacheza barabarani. Kumbe mishahara hailipwi, timu inapanda huku inazama. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi. Mwanamama mmoja aliyekuwa mkurugenzi zamani alijifunga pingu kwenye bomba la maji pale uwanjani. Mashabiki walikwenda na mifagio na ndoo kusafisha viti, wakidhani Jumamosi kuna mechi.

Na sie Bolton tuliponea chupuchupu wiki ileile. Bwana mweka hazina, usimuulize tajiri atakununulieni nini. Muulize pesa inatoka wapi, na ikikatika nani anabaki na deni.

Fundi wa Magomeni, 06:05

Gia ni manyo au otomatiki?

Wakili wa Kijiweni, 07:48

Nimeamka, swali langu bado limelala. Asilimia ngapi, na uwanja unajengwa wapi?

Kona Fupi, 08:30

Mia. Anachukua mia. Na uwanja ni mkoani kwao.

Kabla hamjanirukia: timu inahama, ndiyo, na jina linabadilika, ndiyo, lakini wachezaji ni walewale, watalipwa, watalala vyumba vyenye neti. Hapa nyumbani wanapata nini? Watu mia mbili wa kadi, mechi ikiwa na mvua hawaji hata arobaini. Ihefu ilitoka Mbarali ikaenda Singida, leo inaitwa Singida Black Stars, iko Ligi Kuu inapigania nafasi za juu. Fountain Gate ikatoka hukohuko Singida ikaenda Babati. Soka ni biashara sasa hivi.

Bint Makorora, 08:36

Aah. Basi nafuta ushauri wangu. Kumbe tajiri hanunui timu, ananunua nafasi ya kwenye ligi.

Refa Mstaafu, 08:50

Nilijua! Mtu anayekuonyesha michoro hajakuonyesha kiwanja. Muulize mtu wa Mbarali Jumapili saa kumi anakwenda wapi.

Kocha wa Chandimu, 09:02

Mnamwonea. Timu ikifa papo hapo mtafurahi? Mimi nimefundisha timu ya mtaa miaka tisa, wanachama wanaozungumza sana mkutanoni ndio hawana kadi. Huyo namba 8 wa plasta akipata mkataba huko, mama yake atajenga.

Kona Fupi, 09:05

Kocha, Mungu akubariki. Wewe ndiye mtu wa mpira.

Kipenga cha Chuma, 09:47

Samahani niharibu sherehe. Hii ni chai, stori ya kutunga, tena ya rangi. Nimepitia nyuzi za mleta mada. Mwezi wa pili aliomba ushauri wa shamba la parachichi Njombe. Mwezi wa tano anauliza bei ya mashine ya kukoboa. Leo kiongozi wa Championship. Mkuu, wewe ni nani hasa? Mimi nasema wewe ndiye tajiri mwenyewe, unapima maji humu ujue wanachama watalia kiasi gani.

Mkaa Pembeni, 09:49

Karanga zimeisha, nimemtuma mtoto.

Kona Fupi, 09:55

Kwani mwenye parachichi haruhusiwi kupenda mpira? Ningekuwa na milioni 68 ningekuwa nabishana na wewe saa hizi?

Kipenga cha Chuma, 10:12

Sawa, tuache parachichi. Watu wote humu wanakuita mweka hazina na wewe unaitikia. Nimesoma uzi mara mbili, hujasema popote kwamba ni wewe. Umeandika "imebaki ya mweka hazina". Mtu anayekosa usingizi kwa saini yake mwenyewe anaandika "imebaki yangu". Na "niko karibu na uongozi" ndiyo cheo gani hicho?

*(Mleta mada hakuonekana kwa saa tisa.)*

Mpemba wa Bolton, 14:30

Kakimbia. Nami nilimwandikia kwa uchungu vile, zamu ya usiku.

Wakili wa Kijiweni, 15:02

Mleta mada, ukirudi, timu ya wanachama haiuzwi kwa saini tatu mezani. Mkutano mkuu uone mkataba, muhtasari uandikwe, na uangalie katiba yenu inasema akidi ni wangapi. Hata kama ni chai, watu wengine watasoma.

Kona Fupi, 19:20

Nimerudi. Sikukimbia, nilikuwa msibani.

Mweka hazina ni mke wangu. Mimi ni meneja wa timu, kwa maana nabeba mipira na kutafuta gesti. Yeye ndiye aliyechaguliwa, ana kura kuliko mwenyekiti, maana wanawake wa sokoni wote ni watu wake. Amesema hasaini. Tajiri mwezi uliopita alinipa milioni sita "ya kishika uchumba" nimlainishe. Sikula. Nimelipa kodi mwezi mmoja, unga magunia manne, goti la kipa lipigwe picha, na nauli ya Iringa. Risiti zote ninazo kwenye boksi la viatu. Hiyo mechi ya Iringa tulishinda 2-0, mke wangu mwenyewe alishangilia mpaka sauti ikakauka, hajui timu ilifika kwa pesa ya nani. Tajiri ananiambia nisiposaidia nirudishe, na pale kwenye karatasi nimeandika jina langu kamili.

Swali langu hasa ndilo hilo. Namwambiaje?

Mkaa Pembeni, 19:22

Mods, hamisheni uzi jukwaa la Mahusiano.

Bint Makorora, 19:25

Mungu wangu. Huyo mke ndiye aitwe tajiri.

Refa Mstaafu, 19:41

Marehemu mke wangu alikuwa Simba damu, mimi Yanga. Miaka thelathini na moja. Siku ya mechi tulikuwa tunapika majiko mawili. Mwambie kabla ya Ijumaa, na mwambie ukiwa umekaa chini, si umesimama mlangoni.

Kocha wa Chandimu, 19:50

Mkuu nilikutetea, ila hiyo milioni sita ungetuambia mapema. Dawa ni kusimama mkutanoni utangaze iingizwe kama deni la klabu, risiti ziko. Sitini na nane ziwe sabini na nne, basi.

Wakili wa Kijiweni, 19:58

Kocha, deni la klabu halikopwi na mbeba mipira. Lile ni lake binafsi mpaka mkutano ulipitishe. Kona Fupi, piga picha risiti zote leo. Na usiguse saini ya mkeo hata kwa majaribio kwenye daftari.

Kipenga cha Chuma, 20:06

Bado nasema chai. Ila sasa ina maziwa.

Mtoto wa Kamalondo, 20:15

Bibi yako anakatala kwa sababu gani? Hakuna mutu ameuliza.

Kona Fupi, 20:33

Anasema baba yake ni mmoja wa wale wazee wa soko la mahindi. Kwenye daftari la kwanza la timu, ukurasa wa pili, jina lake lipo na mchango wake: debe moja la mahindi, mwaka ambao hawakuwa na pesa ya mpira. Daftari analo yeye, kabatini, chini ya khanga. Anasema huyo tajiri akitaka kununua aanze na lile debe.

Ngojeni, amefika. Anauliza nachati na nani muda wote huu. Nitarudi.

Mpemba wa Bolton, 20:35

Msomeshe uzi wote. Akifika kwa bomba la maji ataelewa.

Fundi wa Magomeni, 23:17

Mkuu ukirudi, ile Coaster.