Saa ya Bond na saa ya Fleming: Explorer 1016, Submariner 6538 au 5513?

Akrabu72
Wakuu, tulimalize hili kwa hoja. Modeli tatu za Rolex zinatajwa kila mara kuwa ndiyo "saa ya James Bond": Explorer 1016, Submariner 6538 na Submariner 5513. Ipi ilikuwa ya Ian Fleming mwenyewe, mwandishi wa vitabu vya Bond, ipi alimvisha Bond vitabuni, na ipi inaonekana kwenye filamu? Leteni namba, vipimo na miaka. Habari za "inavyosemekana" tuziache nje.

MzeeWaSpringi
Ni vizuri umezitenganisha, maana ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Ya Fleming ndiyo nyepesi kujibu. Ni Explorer 1016 ya chuma, milimita 36, na ilioneshwa Imperial War Museum, London, kwenye maonyesho ya mwaka 2008 ya kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe.

Ya kitabuni inatakiwa isomwe kwa makini. Katika *On Her Majesty's Secret Service* (1963) Bond ana Rolex Oyster Perpetual nzito yenye mkanda wa chuma unaovutika. Anaishusha hadi kwenye vifundo vya ngumi na kumpiga nayo mlinzi usoni, saa inavunjika. Baadaye anapowaza kununua nyingine, anaamua ni Rolex tena, kwa sababu ina namba kubwa zinazoonekana gizani. Hapo kwenye namba ndipo kesi inapoamuliwa. Uso wa kawaida wa 5513 na wa 6538 una vitone na vijiti, bila namba. Explorer ina 3, 6 na 9 zilizojazwa rangi ya kung'aa.

Kigoda
Mkuu, usifunge faili mapema. Submariner 6200 ina 3-6-9, na zipo 6538 chache zenye uso huohuo. Halafu neno "nzito". Nani ataita Explorer nzito?

MzeeWaSpringi
Hoja ya 6200 naikubali nusu. Ilitengenezwa muda mfupi tu katikati ya miaka ya 1950 na ni adimu mno. Kumvisha Bond saa hiyo wakati mwandishi ana 1016 mkononi ni kuzunguka mlima bila sababu.

Kuhusu uzito, usitumie mizani ya leo. Mwaka 1958 Fleming alimjibu msomaji kwa barua kwamba Oyster Perpetual ina uzito wa aunsi sita hivi, yaani gramu 170, na kwamba ingemchelewesha Bond kutumia mkono wa kushoto. Saa ya chuma ya milimita 36 yenye mkanda mwepesi wa enzi zile haikaribii uzito huo. Alikuwa anatia chumvi, kwa hiyo "nzito" haitusaidii kuchagua modeli. Barua hiyohiyo inasema Bond hutumia saa za bei rahisi zenye mkanda wa kuvutika ili ageuze kuwa silaha ya ngumi. Miaka mitano baadaye mbinu ni ileile, saa tu ndiyo imebadilika.

BintiForodhani
Mmesahau tarehe. Rolex inatajwa pia katika *Live and Let Die*, kitabu kilichotoka 1954 lakini kiliandikwa mwanzoni mwa 1953. Submariner na Explorer zilianza mwaka huohuo wa 1953, na modeli hizi tatu zilikuja baadaye. Kwa hiyo Bond wa kitabu hicho hawezi kuwa na yoyote kati ya tatu zinazobishaniwa hapa! Alikuwa na Oyster isiyotajwa modeli, basi.

Kwa kitabu cha 1963 hesabu inakubali. Fleming alikiandika Jamaika mwanzoni mwa 1962, na 1016 ilikuwa sokoni tangu 1960 hivi. Ila kumbukeni, miezi hiyohiyo filamu ya *Dr. No* ilikuwa inapigwa kisiwani humohumo na Fleming alifika kutazama. Ndiyo maana watu wa Submariner hawakati tamaa. Mimi naona namba za usoni zinawashinda.

PichaMojaMoja
Nichukue upande wa filamu. Simamisha picha, kisha angalia kwa mpangilio huu.

Anza na kitufe cha kutia ufunguo. Kwenye mkono wa Sean Connery, aliyeigiza Bond, ni kikubwa kupita kiasi, na ubavuni mwa bodi (ganda la saa) hakuna mabega ya kukilinda. Hilo linaitoa 5513 papo hapo, kwa sababu ina mabega. Linaitoa pia 5508, ambayo haina mabega lakini kitufe chake ni milimita 6 na bodi ni nyembamba zaidi. Kinachobaki ni kitufe cha milimita 8: 6538, au 5510 iliyokuja 1958. Hizo mbili kwa nje ni kama pacha. Tofauti iko ndani, kwenye mashine inayoendesha saa: 1030 dhidi ya 1530. Kwa picha ya filamu huwezi kuapa. Wengi husema 6538, nami nakubaliana, ila anayekwambia "asilimia mia" muulize alifungua mfuniko saa ngapi.

Halafu mkanda. Kwenye *Goldfinger* (1964) ni wa nailoni, buluu iliyokolea yenye mistari ya kijani na myekundu. Kopi za zamani za filamu zilionyesha kama nyeusi na kijivu, ndiyo maana mitandaoni bado wanauza mkanda wa rangi hizo kwa jina la Bond. Upana wake ni mdogo kuliko nafasi kati ya pembe za bodi zinazoshika mkanda: takriban milimita 16 mahali pa 20. Pini za springi zinaonekana wazi pande zote mbili.

5513 ni ya George Lazenby (1969) na Roger Moore (1973), ile ya Moore ikiwa na ukingo wa kuzunguka kioo uliogeuzwa msumeno. Na kwenye *Dr. No* kuna saa ya pili anayovaa na suti: Gruen Precision 510 ya dhahabu, nyembamba, yenye kiduara kidogo cha sekunde chini, penye 6.

FundiBodi
Kwa anayetaka kununua 1016, mtego mkubwa ni Explorer 5500. Jina usoni ni lilelile, 3-6-9 zilezile, lakini bodi ni milimita 34, nafasi ya mkanda 19 badala ya 20, na mashine ni 1530 au 1520. Usoni imeandikwa "Precision" au "Super Precision", si "Superlative Chronometer".

Vua mkanda. Namba ya modeli iko katikati ya pembe upande wa 12, namba ya saa upande wa 6. Zikiwa zimefifia, bodi imepigwa polishi sana na pembe zimekonda. Fungua mfuniko: mashine iwe 1560 kwa za mwanzo, 1570 kwa za baadaye. Sekunde inayosimama ukivuta kitufe ni ya miaka ya 1970 kuendelea. Muuzaji akikwambia hiyo ni ya 1962, mwage.

Kung'aa nako kunadanganya. Za mwanzo zilipakwa radiamu, baadaye tritiamu, zote zenye mionzi. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo baada ya miaka 60 imebaki kama asilimia 3. Radiamu bado ipo tele, ila unga uliokuwa ukiwaka nayo umeungua. Saa ya zamani inayowaka usiku kucha imepakwa upya au imebadilishwa uso. Na fundi asikwangue radiamu: vumbi lake likiingia mapafuni ni balaa.

Akrabu72
Shukrani. Na sisi tusio na fedha ya mnada?

PichaMojaMoja
Kwa sura ya kitabu, Explorer 124270 ya 2021 imerudi milimita 36, lakini bado ni ghali. Tudor Ranger ya 2022 ni milimita 39, ina namba, na bei yake inavumilika. Kwa sura ya filamu chukua Tudor Black Bay 58: milimita 39, haina mabega, nafasi ya mkanda 20.

FundiBodi
Ukiiweka nailoni, iwe kipande kimoja kinachopita nyuma ya bodi. Pini moja ikichomoka, saa inabaki imening'inia kwenye nyingine. Ile milimita 16 ya filamu huhama kushoto na kulia kwenye pini siku nzima, weka 20.