Tembo dume mzee anayetembea peke yake: amefukuzwa na wenzake?

Mkulima, Kondoa
Wanajukwaa, habari za jioni. Mtama unapokaribia kuvunwa, tembo hupita pembezoni mwa mashamba yetu, na mara kadhaa nimemwona dume mmoja mkubwa sana akiwa peke yake, ilhali majike na ndama huenda kwa makundi. Babu yangu anashikilia kwamba huyo amezeeka, na wenzake wamemfukuza. Je, ni kweli kwamba mnyama wa porini akizeeka hutengwa? Naomba majibu, kwani kijijini wapo wanaotaka tuombe auawe.

Mwalimu wa baiolojia, Dodoma Mjini
Ndugu mkulima, salamu kwa babu, lakini hapo sikubaliani naye. Tembo dume huondoka kwenye kundi la mama yake akiwa bado kijana, mara nyingi kati ya miaka 10 na 15, na tangu hapo huishi peke yake au pamoja na madume wengine. Huko Makgadikgadi, Botswana, watafiti waliona kwamba madume vijana ndio wanaoepuka kutembea peke yao, na wanapoandamana na wakubwa, wakubwa hutangulia. Jike, kwa upande wake, hubaki na ndugu zake maisha yote.

Aliyewahi kuongoza watalii, Tarangire
Naomba niongeze kuhusu hao majike, kwa sababu jambo hili lilitokea jirani na kwenu. Mwaka 1993 Tarangire ilikumbwa na ukame mkali, na katika miezi tisa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa, wakati katika miaka ya kawaida vifo vya ndama ni vichache mno. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache kuliko kundi lililobaki, nayo yaliongozwa na majike waliokuwa na umri wa kutosha kuwa walipitia ukame wa 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki halikuwa na bibi wa umri huo. Kila ninapolikumbuka jambo hili huhuzunika, maana majangili huwalenga kwanza wenye pembe kubwa, na hao ndio wazee.

Mwalimu wa baiolojia, Dodoma Mjini
Kuhusu kumuua dume huyo, tafadhali fikirini upya. Katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, madume yatima waliokulia pasipo wakubwa waliua faru weupe zaidi ya 40 kati ya 1992 na 1997. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma, kwa kuwa mbele ya dume mkubwa, kijana hupoa haraka kutoka katika kile kipindi cha ukali kinachoambatana na hamu ya kupanda majike.

Mkulima, Kondoa
Ahsanteni sana, mwalimu na ndugu wa Tarangire. Babu nimemsomea yote, akaniuliza kama vijana wa tembo nao wana mtama wa kulinda. Jumamosi tuna mkutano wa kijiji, nami nitaomba nafasi ya kuyaeleza haya kabla barua haijaandikwa.