Mjadala: One Cut of the Dead, kichekesho kile ni cha nani?

Wadau naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kila muvi hii ikitajwa naikuta hoja ileile, kwamba Ryoichi Wada, yule mtu wa maigizo ya jukwaani anayesema muvi imetoka kwenye igizo lake, alikuja kudai baada ya kuona hela imeingia, na kwamba wazo halina mwenyewe. Mimi nakataa. Kama hujaiona kaiangalie kwanza, maana hapa namwaga kila kitu.

Kwa wasioijua, ni komedi ya Japani ya 2017, kuhusu kundi linalorekodi muvi ya mazombi, dairekta ni Shinichiro Ueda, bajeti kama yen milioni 3 tu, waigizaji wametoka kwenye warsha ya uigizaji na hakuna mtu aliyekuwa anawajua. Juni 2018 ikaanza kuoneshwa kwenye kumbi mbili za Tokyo, watu wakaambiana, wakaambiana, mpaka ikaingiza zaidi ya yen bilioni 3. Agosti mwaka huohuo Wada, aliyekuwa anaongoza kundi la maigizo la PEACE ambalo lilishavunjika, akajitokeza kusema muvi imetoka kwenye igizo lao la jukwaani, GHOST IN THE BOX!, anataka litambuliwe. Ueda akajibu kwamba igizo aliliona na lilimpa hamasa ila stori ya muvi kaitunga mwenyewe.

Sasa mnaosema sheria ya hakimiliki hailindi wazo, hilo sibishi. Wada angekuwa anadai mazombi ningekuwa upande wenu. Lakini alichodai ni mpangilio, kwamba kwanza unaoneshwa kitu kinachoonekana cha hovyo, halafu unarudishwa nyuma ya pazia ujue kwa nini kilikuwa cha hovyo. Kwenye komedi ya namna hii mpangilio ndio kichekesho chenyewe jamani!

Mchukulie yule mtu wa kurekodi sauti kwenye muvi. Dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi hata mara moja, unamuona anang'ang'ania kutoka nje na huko nje kuna mazombi, unasema huyu kuigiza hajui kabisa. Baadaye ndio unakuja kujua tumbo lilikuwa linamkata vibaya na wako laivu kwenye TV, hakuna wa kusimamisha kamera akapumue. Tumbo la kuhara lenyewe halina jipya, unacheka kwa sababu ulishaliona kabla hujalielewa. Yule mwigizaji mlevi vilevile.

Ueda simnyimi haki yake, na hapa nadhani hata upande wetu tunakosea tunapomuita mwizi. Nafasi aliziandika akiwaangalia waigizaji aliokuwa nao, ndio maana kila mtu amekaa mahali pake, baba dairekta, mkewe, binti yao mbishi. Pale krani ya kamera ilipoharibika na kundi zima likapandiana migongoni ili kamera ipate picha ya juu, mimi machozi yalinitoka, nasema kweli. Ile ni kazi ya watu wengi kwa pamoja na wote walistahili.

Ila kustahili kwao hakumfuti mtu wa igizo. Na hilo la kusubiri hela nalo silielewi, angedai lini sasa, wakati muvi ilikuwa haijafika hata kwenye kumbi? Februari 2019 wenyewe walishakubaliana, chanzo cha muvi kikaandikwa kwa majina ya wote wawili, Wada na Ueda, na muvi haijapungua utamu hata chembe. 2022 dairekta wa Ufaransa Michel Hazanavicius akatengeneza toleo la Kifaransa, Coupez!, likafungua tamasha la filamu la Cannes. Kitu kinasafiri mpaka huko halafu mnataka aliyekianza asitajwe?

Mnaosema wazo halina mwenyewe naomba mnijibu hili tu: toa ule mpangilio, bakiza mazombi na kamera, halafu niambieni mngecheka wapi.